Kabla utume pesa ya kujenga ushago
Mafuriko ya 2024 tuliyaona hapa Nairobi, Mathare watu wakaambiwa watoke mita 30 kutoka mtoni, na bado tunatuma pesa ushago nyumba ijengwe pale pale bondeni, aki sisi! Piga simu kwanza uulize wazee maji ya El Nino ya 1997 yalifika wapi, nyumba iende juu ya hapo, choo pia, juu choo kikifurika kisima kimeenda. Kando ya mto achia nyasi ya nepia na mianzi. Kwa mteremko chimba fanya juu, yaani mtaro unakata mteremko na udongo unarushwa upande wa juu, na polepole, miaka ikipita, matuta yanajitengeneza. Na usielekezee jirani maji, hiyo kesi kwa chifu haiishangi.