Kumaliza ukingo wa skafu ya duara ili ipite kichwani

Hii skafu ya duara, ile isokuwa na ncha, waipitisha kichwani ikakaa shingoni, kwa wengi wetu huharibikia raundi ya mwisho kabisa. Umefuma wiki mbili, vitanzi vimelingana vizuri, halafu wafika kufunga, yaani kuvimaliza vitanzi vitoke sindanoni visifumuke, mkono unakaza, na ukingo ukishakaza basi kichwa hakipiti. Mimi yalinikuta na ile nilomfumia wifi yangu alioko Limuru, nilijaribu kuishikilia tu hapa shingoni nikaona sawa nikaituma, ilikuwa Julai na baridi ya Limuru mwezi huo si ya mchezo, jioni akanipigia simu akaniambia wifi, imefika masikioni imekwama. Niliumia sana. Akanirudishia na mtu aliyekuwa akishuka na treni, nikaifumua raundi moja tu, hiyo ya kufungia, nikafunga upya, ikaingia. Raundi moja!

Kwa hiyo hapa nazungumzia ukingo peke yake, skafu yenyewe nachukulia umeshaifuma. Nitatumia mfano wa vitanzi 120 kwa sindano ya milimita 5, kwa uzi unaotoa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, hiyo ni skafu ya sentimita 60 kuzunguka. Kichwa cha mtu mzima huwa kwenye 55 hadi 58 hivi, sasa ona nafasi ilobaki ni ndogo kiasi gani. Ukingo ukipoteza sentimita tano tu umekwisha.

Kwanza usifunge moja kwa moja juu ya pleni tupu, pleni ni kile kitanzi cha kawaida unachofuma uzi ukiwa nyuma. Pleni tupu ukingoni hujikunja kuja mbele, hata uipige pasi itarudi kujikunja, ndivyo vitanzi vyenyewe vilivyo. Zile sentimita 3 za mwisho badilisha, fuma pleni mbili pali mbili kuzunguka, pali ni kinyume cha pleni, uzi huwa mbele, vitanzi lazima vigawike kwa nne, na 120 vyagawika. Ama raundi moja pleni, raundi inayofuata pali, hivyo hivyo mpaka upate raundi sita, hii pia hulala vizuri. Mimi napenda ya mbili mbili kwa sababu yavutika na kurudi.

Halafu pima uzi kabla hujaanza kufunga. Uzi wa kufungia chukulia mara tatu ya mzunguko, yaani sentimita 180, ongeza 20 za kufichia mkia, mita mbili kwa jumla. Bonge likiwa limebakisha chini ya hapo fumua raundi moja upate uzi, maana kuunga uzi katikati ya ukingo kunaonekana na pale pale ndipo panapoanza kuachia.

Sasa sindano. Mkono wa kulia shika sindano nene zaidi, kama ulifumia ya milimita 5 shika ya 6. Kama zako ni zile za namba za Kiingereza za zamani, kumbuka namba ikishuka sindano ndiyo yanenepa, milimita 5 ni namba 6 na milimita 6 ni namba 4, watu wengi huchukua namba kubwa wakidhani ndiyo nene wakazidi kukaza.

Kufunga kwenyewe nafanya hivi. Fuma kitanzi cha kwanza, fuma cha pili. Ile njia tulozoea wakirusha cha kwanza juu ya cha pili, hapa usirushe, virudishe vyote viwili kwenye sindano ya kushoto bila kuvipinda, uzi ukiwa nyuma, ingiza sindano ya kulia upande wa nyuma wa vitanzi na uvifume viwili pamoja. Umebaki na kimoja kulia. Fuma kinachofuata jinsi kilivyo, kama ni pleni pleni, kama ni pali pali, rudisha viwili kushoto, uzi nyuma, fuma pamoja. Endelea hivyo mpaka mwisho. Ni polepole kuliko kurusha lakini kila kitanzi chapata uzi wa kutosha, na huo uzi wa ziada ndio unaovutika.

Kila ukifunga vitanzi kumi simama. Shika ukingo kwa vidole gumba viwili, vuta, halafu vuta kitambaa chenyewe pale chini kidogo. Vyote viwili viende sawa. Ukiona kitambaa bado chataka kwenda lakini ukingo umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, fumua hivyo kumi hapo hapo, usijiambie utalegeza mbele, ukingo hauna mbele wala nyuma, ni duara, pakikaza mahali pamoja pamekaza.

Kuna njia nyengine ya kufunga kwa sindano ya kushonea, ilienezwa na Elizabeth Zimmermann, mfumaji aliyezaliwa Uingereza akaishi Marekani, na ukingo wake ni laini sana. Kata ule uzi wa mita mbili, utie kwenye sindano butu. Pita kulia kwenda kushoto kwenye vitanzi viwili vya kwanza, vuta, rudi ndani ya kile cha kwanza kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kiachie. Rudia. Yafaa hasa kwa ukingo wa raundi ya pleni na raundi ya pali.

Ukifika mwisho utaona ngazi ndogo, mwanzo wa raundi na mwisho wake havikutani. Usifunge fundo. Kata uzi, uvute utoke ndani ya kitanzi cha mwisho, utie kwenye sindano butu, upitishe chini ya miguu yote miwili ya kitanzi cha kwanza kilichofungwa, halafu urudishe katikati ya kile cha mwisho, pale pale ulipotokea. Vuta taratibu mpaka kile kitanzi kipya kilingane na wenzake. Hata wewe mwenyewe utatafuta pale ulipomalizia. Mkia ufiche upande wa ndani ukifuata njia ya vitanzi, sentimita saba hivi, na kama uzi ni akriliki, ule wa kiwandani usio wa sufu wala pamba, geuka urudi kidogo maana yateleza.

Jambo la hapa kwetu Mombasa ni jasho. Kaskazi, Februari na Machi, mkono unalowa, uzi wanata kwenye sindano na bila kujua wavuta. Raundi ya kufunga iweke usiku barazani upepo ukianza, ama chini ya feni, na mikono uioshe kwanza, mafuta ya nazi yakishika uzi hayatoki upesi.

Mwisho iloweshe. Sufu dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, usiisugue, ikamue ndani ya taulo, ilaze kwa vipimo vyake. Akriliki usiipige pasi ya moto kabisa, inalegea na hairudi. Pini za kushikilia zisiwe za chuma cha kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi zinashika kutu usiku mmoja na alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki, mimi siku hizi siweki pini, nailaza tu na kuinyoosha kwa mkono. Ianike kivulini, na hata ukiona imekauka iache usiku mmoja zaidi, maana ukingo ni mzito kuliko kitambaa na ndio unaokauka mwisho, ukiikunja mapema ukaitia kwenye mfuko wa kutuma bara itafika na harufu.