Jinsi ya Kutengeneza Amarone kwa Desturi ya Familia za Valpolicella

Amarone ni divai nyekundu, nzito na isiyo na utamu, itokayo kwenye vilima vya Valpolicella, kaskazini mwa mji wa Verona nchini Italia. Anayetaka kuitengeneza kama familia za huko zinavyofanya hana budi kujua kwamba sehemu ngumu ya kazi hii hufanyika darini, ambako zabibu hukaushwa, kabla zabibu hazijatoa hata tone moja.

Vuna kwa mkono mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Zabibu kuu ni Corvina, ambayo ganda lake gumu huvumilia kukaushwa, ikisaidiwa na Corvinone na Rondinella. Chagua vishada ambavyo zabibu zake zimeachana, kwani zilizobanana hazipitishi hewa, na humo ndimo ukungu huanzia. Iliyopasuka au kutobolewa na nyigu itupe papo hapo. Vishada visivyofikia kiwango hiki vipeleke kwenye divai ya kawaida ya huko, iitwayo pia Valpolicella, ambayo hutengenezwa mara tu baada ya mavuno.

Vishada teule hupangwa safu moja tu, bila kulaliana, juu ya chanja za mianzi ziitwazo arele, zile zile ambazo zamani zilitumika pia kufugia viwavi wa hariri. Siku hizi wengi hutumia kreti za plastiki na feni, na sioni ubaya wowote, mradi hewa izunguke. Fungua madirisha siku kavu, uyafunge ukungu wa asubuhi unapotanda bondeni au mvua inaponyesha, na upite kila siku ukigeuza vishada na kuondoa zabibu zilizoanza kuoza. Zoezi hili huendelea kwa siku 100 hadi 120, na katika muda huo kilo 100 za zabibu hupungua hadi kufikia kilo 60 au 70, huku sukari na ladha zikikolea. Kipimo cha sukari kitakueleza mengi, lakini harufu ya chumba inayoanza kubadilika hutambuliwa na aliyeizoea tangu utotoni, akimfuata babu yake kati ya chanja. Ukoo wa Boscaini, wenye kampuni ya Masi, umelima bonde la Vaio dei Masi tangu mwaka 1772, na ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa msimu mmoja. Asiye na mzee wa kumfuata na aandike daftari la kila siku.

Sheria hairuhusu kukamua kabla ya tarehe 1 Desemba, na wengi husubiri hadi Januari. Wakati huo baridi ni kali na sukari ni nyingi, hivyo hamira hufanya kazi kwa uvivu, na uchachu unaweza kuchukua siku 30 hadi 50. Zamisha maganda yanayoelea kila siku, na usiharakishe mambo kwa moto. Uchachu ukikoma mapema, sukari hubaki na unapata Recioto, divai tamu ambayo ni mama wa Amarone. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936 pipa la Recioto lililosahauliwa katika chama cha ushirika liliendelea kuchacha hadi utamu ukaisha, na jina la Amarone likatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya uchungu.

Makapi usiyatupe. Ukimimina Valpolicella changa juu yake, ichache tena kwa siku chache, unapata divai iitwayo Ripasso.

Baada ya hapo divai huingia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia, eneo la Kroatia. Pipa dogo jipya huipa ladha ya mbao upesi, na kwa maoni yangu huificha Corvina. Sheria hudai angalau miaka 2, kuanzia tarehe 1 Januari inayofuata mavuno, na miaka 4 kwa ile iitwayo Riserva. Giuseppe Quintarelli, mtengenezaji divai wa Negrar huko Valpolicella, aliyefariki mwaka 2012, aliiacha yake pipani kwa takriban miaka 7. Jazia pipa kila divai inapopungua, kwa sababu nafasi tupu huingiza hewa na hewa huigeuza siki. Ukishaitia chupani, ilaze mahali penye giza na ubaridi, na siku ya kuinywa ifungue saa kadhaa kabla ya chakula.