SOMO: Kuandaa usiku wa bendi za saikedeliki na noizi roki Mtwara (someni lote ndo muulize)

Wakuu habari. Naandika hapa mara moja ili nisirudie tena inboksi, maana meseji ni zilezile, "ampli inanguruma tufanyeje", "maiki inanipiga shoti mdomoni, ni kawaida?" Siyo kawaida. Muziki huu wa gita chafu na fidibaki ndefu (sauti ya ampli inayorudi kwenye gita na kulifanya livume) naupenda kutoka moyoni na nataka upigwe huku kusini, lakini kelele ziwe zile bendi imezichagua, siyo za umeme mbovu.

Hatua 1. Kibali. Serikali ya mtaa, afisa utamaduni wa halmashauri, BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), polisi. Nenda mapema, na sema wazi kwamba ni muziki wa sauti kubwa.

Hatua 2. Tarehe. Kimbia masika. Bendi ikitoka Dar inakuja na vyombo kwa barabara, na mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoleta mvua barabara ikakatika kule Somanga. Mimi napendelea minada ya korosho ikishaanza, watu wana hela ya kiingilio na mvua bado hazijachanganya.

Hatua 3. Sehemu. Uwanja wa wazi unashinda ukumbi wa bati na kuta tupu, bati linarudisha sauti hadi gita tatu zinakuwa uji mmoja. Ukiwa upande wa Shangani, spika ziangalie baharini, siyo madirisha ya watu.

Hatua 4. Umeme. Hapa tulieni.

Ampli ikinguruma, kuna mjuaji atakuja akwambie kata mguu wa ethi (njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini) kwenye plagi, au chomeka kwenye ekstenshen ya matundu mawili. Kweli mngurumo unaweza kupotea, lakini sasa umeme ukivuja kwenye bodi (kasha la chuma) ya ampli, umeme hauna njia ya kwenda ardhini isipokuwa kupitia nyuzi za gita, mkono wa mpigaji, na mdomo wake ukigusa maiki. Les Harvey, mpiga gita wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa maiki isiyokuwa na ethi. Keith Relf aliyekuwa akiimba bendi ya Yardbirds alikufa 1976 nyumbani kwake akipiga gita, umeme huohuo. Na sisi huku joto, jasho, wengine wanapanda pekupeku, ndo hatari inazidi.

Kwa hiyo: jukwaa lote, ampli, mikisa, pedali, vyote vitoke chanzo kimoja. Usichanganye ampli ziko kwenye jenereta halafu mikisa iko TANESCO. Weka RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya mA 30. Ila sikilizeni, jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaungwa na ethi, RCD inaweza isikate kabisa hata mtu akishikwa, kwa hiyo aitwe fundi umeme anayejua aiunge na achimbie fimbo ya ethi. Mchanga mkavu wa pwani haupitishi vizuri, ichimbiwe ifike kwenye unyevu. Kabla mwanamuziki hajapanda, chukua mita, weka volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi za gita nyingine kwenye kichwa cha maiki. Isome sifuri au karibu na hapo. Ikisoma volti nyingi hakuna shoo, hata kama watu wamejaa na MC anakuita.

Mngurumo wenyewe unatibika kwa DI boksi (kiboksi cha kupitishia sauti ya chombo kwenda mikisa) yenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Ya sauti, siyo ya plagi.

Hatua 5. Ampli ya valvu usiiwashe bila spika, utaunguza transfoma. Na waya wa gita siyo waya wa spika.

Hatua 6. Saundicheki. Drams, besi, gita, mwisho maiki. Mpiga gita atafute pale anaposimama gita linaimba lenyewe mbele ya ampli, aweke alama ya utepe chini, akisogea hatua moja noti inabadilika.

Hatua 7. Masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, wanasema desibeli 85 ni masaa 8 kwa siku, kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 100 ni dakika 15 tu. Gawa vizibo vya sponji mlangoni, bendi ya My Bloody Valentine waligawa kwenye shoo zao za 2008 na hakuna aliyewaona waoga.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Mkuu nimepitia juu juu, kwa hiyo ethi nikate au nisikate?
Jibu: Usikate. Hatua ya 4, soma yote.

Mdau wa Ligula: Mimi nakata miaka yote na hajafa mtu.
Jibu: Hitilafu haijatokea bado, ni hivyo tu. Usiwafundishe vijana humu.

Mdau wa Nachingwea: Huo siyo muziki bwana, mzungu kakosa kutyuni gita.
Jibu: Majirani zetu Zambia walipiga gita la fazi (sauti iliyokwaruzwa kwa pedali) miaka ya 70, bendi kama WITCH, Amanaz, Ngozi Family, wanaita Zamrock. Sikiliza kwanza ndo uje.

Dada wa Lindi: Kaka samahani, zile taa zinazotiririka rangi nyuma ya bendi zinafanywaje? Tuna projekta ya shule tu.
Jibu: Dada swali zuri sana. Zilivuma Marekani miaka ya 60. Kama ni ile projekta ya zamani ya kuwekea karatasi angavu, kazi imekwisha, weka juu yake bakuli la kioo la chini bapa, maji yenye rangi ya chakula, kisha mafuta. Rangi inashika maji, mafuta yanaikataa, ndo yale mapovu yanayotembea. Bakuli dogo la kioo juu yake, libonyeze kwa mdundo wa drams. Mafuta ya nazi yanafaa, kwenye joto letu kwa kawaida hayagandi. Kama ni ya kompyuta, tengeneza trei ya kioo yenye taa chini, kamera ya simu juu, uiunganishe na projekta. Maji yakae mbali na soketi.

Mdau wa Newala: Tunaweza kupandisha ngoma za sindimba na noizi pamoja?
Jibu: Nawaombeni mfanye! Gita lishike noti moja ndefu, lisibadilishe kodi (noti zinazopigwa pamoja), ngoma ndo ziongoze mwendo. Maiki za ngoma ziwekwe karibu kabisa na ngozi, la sivyo ampli zinazimeza. Na wazee wa ngoma walipwe sawa na bendi.

Mdau wa Mikindani: Nje ya mada, nyuzi zangu zinapata kutu haraka.
Jibu: Hewa ya chumvi hiyo. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, gita lilale kwenye begi lake na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Mdau wa Mikindani: Vifuko vikishachoka?
Jibu: Anika jua kali la mchana, vinapungua unyevu kiasi. Vikizeeka sana badilisha, wauza viatu sokoni wanavitupa tu.