Kutambua Aina za Miti kwa Mwanga Unaoakisiwa na Majani Katika Picha za Angani

Katika picha ya kawaida ya angani msitu huonekana kuwa kijani kimoja kilichotanda, na wengi hupoteza muda wakijaribu kuitenga miti kwa kutazama tofauti ndogo za kijani hicho. Klorofili, ambayo ni ileile katika majani ya takriban miti yote, hufyonza mwanga wa buluu na mwekundu na kuuacha urudi mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi, ndiyo maana miti mingi hufanana machoni. Tofauti zinazofaa zaidi zimo katika infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho baina ya nanomita 700 na 1,300, ambako klorofili haifyonzi tena na kiasi cha mwanga kinachorudi hutegemea jinsi seli na nafasi za hewa zilivyopangika ndani ya jani. Jani pana lenye afya huakisi karibu nusu ya mwanga huo. Misonobari, kwa kuwa sindano zake hutiana vivuli, hurudisha kiasi kidogo zaidi. Basi katika picha ambamo infraredi huonyeshwa kwa rangi nyekundu, miti ya majani mapana hung'aa wekundu na misonobari huwa na wekundu wa giza.

Tumia kamera inayorekodi angalau kijani, nyekundu na infraredi ya karibu, na ikiwezekana pia ukanda mwembamba wa nanomita 700 hadi 740, ambapo uakisi hupanda ghafla. Kabla na baada ya kurusha droni, piga picha ya kibao ambacho uakisi wake unajulikana, ili namba za siku moja zilinganishwe na za siku nyingine. Ruka karibu na adhuhuri, vivuli vikiwa vifupi.

Msimu, kwa maoni yangu, una uzito kuliko ubora wa kamera. Aina mbili zisizotenganishika majani yakiwa yamekomaa zinaweza kuachana waziwazi wiki ambayo moja inachipua au inapukutisha, kwa hiyo picha za tarehe mbili zilizochaguliwa vyema zina thamani kubwa.

Kisha nenda msituni kwa miguu, utambue miti kadhaa ya kila aina, yenye umri na mahali tofauti, na kurekodi ilipo. Katika picha, chora mpaka wa mwavuli wa kila mti huo na uchukue piseli za upande unaopigwa na jua pekee, kwani kivuli hubadilisha namba kuliko aina ya mti inavyozibadilisha. Linganisha wastani wa kila ukanda na uwiano kati ya kanda. Usitegemee NDVI, kipimo cha ukijani kinachokokotolewa kutokana na mwanga mwekundu na infraredi ya karibu, peke yake: katika msitu mnene thamani zake hujikusanya karibu na kikomo cha juu, na aina tofauti hupata namba zilezile.

Tenga baadhi ya miti uliyoitambua, usiitumie kufundishia programu ya kompyuta itakayotenganisha aina hizo, bali ujaribie matokeo kwayo. Mti mgonjwa au uliokaushwa na ukame hupungukiwa na infraredi na huweza kudhaniwa kuwa aina nyingine, hivyo tazama pia umbo la mwavuli na mpangilio wa matawi. Aina mbili zikiendelea kuchanganyika, ziunganishe katika kundi moja kwenye ramani, au rudi kuzipiga picha katika msimu mwingine.