Koili na balasti za magari ya zamani: pima kwanza ndo ufunge

Magari ya zamani yenye pointi (kiswichi kinachokata na kuunga umeme wa koili) kwenye distribyuta yana koili (kifaa kinachokuza volti za betri ili plagi zitoe cheche) za aina mbili, na ndo hapo watu wengi wanachemsha, maana kwa nje zinafanana kabisa na nyingi zimeandikwa volti 12 tu basi. Moja inakula volti 12 moja kwa moja, hii praimari yake, yani waya wa ndani unaopokea umeme wa betri, ina ukinzani wa kama omu 3. Ya pili ni ya balasti, ina kama omu 1.5 na lazima itanguliwe na rezista ya karibu hivohivo, ndo hiyo balasti, inapunguza umeme unaofika kwenye koili. Yani jumla ya njia nzima icheze kwenye omu 3, hapo pointi zinapitisha ampea 4 hivi na zinadumu.

Sasa funga ya 1.5 bila balasti uone, ampea zinakaribia 8, koili inachemka haishikiki na pointi zinaungua mapema. Ukiweka ya omu 3 nyuma ya balasti haiungui kitu ila cheche inakuwa legelege, asubuhi unasaga stata mpaka betri inachoka, na ukikanyaga mafuta injini inamisi.

Kupima ni rahisi, chomoa waya ndogo za koili, gusanisha ncha za testa kwanza maana zenyewe zinaweza kusoma 0.3 au zaidi na kwenye 1.5 hiyo ni nyingi, itoe, afu pima kati ya zile terminali mbili ndogo. Tundu kubwa la katikati achana nalo.

Kabla hujasema gari lako halina balasti angalia vizuri, mengine hayana kile kipande cheupe cha kauri, rezista ni waya wenyewe umefichwa ndani ya msuko wa nyaya. Rudisha waya, washa swichi bila kupiga stata, pima volti kati ya bodi na terminali ya koili yenye waya unaotoka kwenye swichi, pointi ziwe ZIMEFUNGA, yani zimegusana. Ukipata karibu na za betri hakuna balasti, ukipata 6 mpaka 8 ipo. Pointi zikiwa wazi utasoma 12 hata kama balasti ipo, hapa mafundi kibao wanadanganyika. Na usiiache swichi hivo muda mrefu, koili inapikika.

Balasti si ya kuionea, faida yake unaiona wakati wa stata, betri ikishuka mpaka volti 9 au 10 kuna waya wa pembeni unairuka balasti na kupeleka umeme wote kwenye koili. Kwa hiyo gari likishika ukipiga stata afu linazima ukiachia ufunguo tu, balasti imekatika. Likishika pale unapoachia ufunguo, huo waya wa pembeni ndo umekufa.

Mi nikiona nyaya zimechezewachezewa naona bora kuhamia koili ya omu 3, ila vuta waya mpya kutoka kwenye swichi, ule wa balasti na ule wa pembeni uzibe ncha vizuri. Koili za chini ya omu 1 usizitie kwenye pointi, ni za mifumo ya elektroniki. Na ukibaki na balasti ifunge kwenye chuma mbali na nyaya na mipira, inapata moto kwelikweli.