Jinsi ya kusoma jarida la zamani la shule ya mzazi wako

Kama umepata jarida la shule la miaka ya 80 kwenye sanduku la bati la mama au mjomba, tafadhali usimtafute yeye tu humo halafu ulirudishe. Kwanza lipige picha ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha, bila flashi maana karatasi inang'aa, na usilifungue kwa nguvu, zile pini zikishika kutu zinararua kurasa za katikati.

Sasa tafuta mwaka. Kava ikiwa imetoka, hesabu madarasa. Kwa shule za serikali Kenya hii ni rahisi sana, mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulianza 1985 na waliomaliza la saba wakaingia la nane badala ya sekondari, kwa hivyo mwaka huo hakukuwa na fomu 1, 1986 hakuna fomu 2, 1987 hakuna fomu 3, 1988 hakuna fomu 4. Ukiona fomu 6 jua ni 1989 kurudi nyuma, maana 8-4-4 iliishia fomu 4. La mama ni la 1986 na mimi nilidhani ukurasa wa fomu 2 umechanwa!

Picha za makundi zisome pole pole. Hedi katikati, walimu kwenye viti, maprifekti karibu yao, yaani unajua nani alikuwa nani kwa mahali alipowekwa tu. Angalia viatu, angalia sweta zilizoshonwa kiwiko, soma na maandishi ya pembeni. Kwa la mama kuna msichana wa drama amefunga leso juu ya yunifomu na mtu ameandika kwa penseli "shosho", ndiye aliyeigiza bibi kizee.

Halafu kaa na mwenyewe, washa rekoda ya simu. Usimuulize maisha ya shule yalikuwaje, atakwambia yalikuwa mazuri, basi. Weka kidole kwenye kitu kimoja uulize hicho. Na kabla ya kutupia picha kwenye grupu la WhatsApp muombe ruhusa, kuna wenzake mle.

Mimi nilimuuliza mama tu mbona fomu 2 hawapo. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza, kwamba aliingia fomu 1 mwaka 1984, na mono, yaani mgeni wa fomu 1, ndiye anachotea wakubwa maji na kupiga deki bweni alfajiri, unavumilia ukijua Januari watakuja wageni uwaachie ndoo. Januari 1985 hakuja mtu. Wakachota maji mwaka wa pili.