Namna ya Kutoa Bakshishi kwa Heshima

Kabla ya kutoa bakshishi, soma ankara yako hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa mikahawa na hoteli nyingi huongeza ada ya huduma, na mteja asiyeiona hujikuta akilipa mara mbili. Hata hivyo, ada hiyo si lazima imfikie aliyekuhudumia. Si vibaya kumuuliza mhudumu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama wafanyakazi hugawiwa.

Kiasi hutegemea nchi. Nchini Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mpokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, mradi bakshishi zifidie pengo hadi kima cha chini cha mshahara, mkahawani hutolewa takriban asilimia 15 hadi 20 ya gharama ya chakula. Nchini Japani, kinyume chake, mhudumu huenda akakufuata mlangoni kukurudishia fedha akidhani umezisahau.

Fedha taslimu za nchi husika ndizo bora, maana sarafu za chuma za kigeni mara nyingi hazipokelewi benki. Mkabidhi mhusika mkononi pamoja na neno la shukrani, bila kujionyesha mbele ya watu. Msafisha vyumba vya hoteli, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayesahauliwa kuliko wote, aachiwe kila siku kwa sababu zamu hubadilika, tena pamoja na kikaratasi kinachoeleza kuwa fedha hizo ni zake, la sivyo huenda asithubutu kuzigusa.

Huduma ikiwa mbaya, mweleze msimamizi kasoro yenyewe badala ya kuacha sarafu moja ya kejeli mezani.